Joka Langu Linamfukuza Dada Mezani

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie hata kama jambo lenyewe litakuchekesha, maana mke wangu ameshacheka na mimi sina tena nguvu ya kucheka. Mimi ni fundi wa mafriji, na kila Jumamosi mchana, tangu mama yetu afariki, tunakutana kwangu, mimi, dada yangu ambaye ni muuguzi, mdogo wetu wa mwisho anayefundisha hesabu, na jirani yetu kinyozi, tunacheza ule mchezo wa mezani ambao kila mtu ana shujaa wake na mimi ndiye msimulizi, yaani ndiye ninayewaletea majoka na mazimwi, halafu dadu ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kakosa. Mwanzoni raha haikuwa na mfano, mashujaa walikuwa wachanga, wakiumwa na panya wa pangoni wanatimua mbio, na sisi tunacheka mpaka machozi.

Sasa mashujaa wamekua, wamefika madaraja ya juu kabisa, na hapo ndipo hesabu iliponishinda. Mdogo wetu amemjenga shujaa wake kwa akili za darasani, kila upanga na kila hirizi ameipigia hesabu, anapiga mara nne wakati wenzake wanapiga mara moja, kwa hiyo joka nililolitunga wiki nzima huku mikono ingali na mafuta ya kompresa linakufa kabla halijafumbua jicho. Nikaliongezea uhai, likafa vilevile. Nikalivika magamba mazito mpaka yeye mwenyewe akaanza kukosa, nikafurahi, kumbe ndio nimeharibu zaidi, kwa sababu magamba yanayomsumbua yeye kidogo, dada, ambaye shujaa wake ni mganga wa kutibu wenzake, hayapenyi kabisa, labda dadu ya pande ishirini imwangukie ishirini yenyewe. Nikilipunguza nguvu, mdogo wetu analimaliza peke yake. Nikiliongeza, pumzi moja ya moto inawalaza dada na kinyozi chali, basi siku hizi nadanganya, najificha nyuma ya kadibodi ninayoisimamisha mezani wasione dadu zangu, nasema joka limekosa wakati limepata.

Jumamosi iliyopita dada alikuja moja kwa moja kutoka wodini, hajala, akasubiri zamu yake mpaka akaanza kusinzia, akatupa dadu, akakosa kama kawaida. Mdogo wetu akamwambia, "Dada, wewe ulichagua vibaya tangu mwanzo, mganga gani huyo hajui hata kupiga?" Dada akasimama, akasema, "Endeleeni tu, mimi naenda kuosha vyombo." Akaviosha, akachukua mkoba wake, akaaga. Jana kaniandikia kwamba Jumamosi hii huenda asije. Shangazi, bila meza hii sisi hatuonani, maji yamenifika shingoni, nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma, nifanyeje joka langu litutoshe wote?

Fundi Aliyechoka

Shangazi anajibu:

Fundi, pole sana. Wanaokucheka wasikubabaishe, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini nawe leo lazima nikuseme kidogo.

Mimi sijawahi kushika dadu ya pande ishirini, ila nimepikia nyumba yenye watu wengi. Ukitia pilipili kwa kipimo cha yule anayeipenda kuliko wote, wengine watalala njaa. Ndivyo ulivyofanya. Umelipima joka kwa kifua cha mdogo wako, kisha unashangaa dada yako kashindwa kula.

Achana na hilo joka moja. Leta maadui wengi, wepesi, na uwagawe: wengine mlangoni, wengine ng'ambo ya mto. Huyo mwalimu wako hata akipiga mara nne, hawezi kuwa sehemu mbili kwa mara moja. Na weka kazi isiyomalizwa na upanga. Mji unaungua, watu wamenaswa, majeruhi wanalia. Hapo tuone nani atamuuliza mganga anajua kupiga au hajui. Kudanganya nyuma ya kadibodi kukome, njia ya mwongo ni fupi na huyo mwalimu anajua kuhesabu. Mashujaa wakikushinda kabisa, wastaafisheni kwa heshima mwanzishe wachanga wengine. Hakuna aliyewafunga kileleni.

Mdogo wako naye mwite pembeni, umwambie waziwazi kwamba alimwumiza dada yake na anatakiwa kumwomba radhi. Wewe ndiye uliyekuwa mwenye nyumba, na neno lile lilipotoka ulinyamaza.

Sasa nikwambie kilichonichosha mimi katika barua yako. Magamba umeyaeleza, pumzi ya moto umeieleza, mafuta ya kompresa nayo umeyaeleza. Dada yako katoka kazini hajala, hilo umelitaja kwa neno moja ukapita. Ulimwona ana njaa, ukamwekea joka mbele yake badala ya sahani! Halafu vyombo akakuoshea yeye.

Unasema bila meza hamuonani. Nani kawakataza? Mama alipoondoka mlitafuta sababu ya kukaa pamoja, mkaipata, na si jambo baya. Ila ndugu hahitaji kisingizio, baba. Usingoje Jumamosi na usimtumie ujumbe. Funga karakana mapema leo, dadu ziache nyumbani, nenda kwake ukabishe hodi. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umekuja kumwona yeye.