Boksi la Biskuti na Mlango Uliofungwa

Jumanne, 5 Machi

"Wenye hisa wakishasema ndiyo, kazi ya korti ni kugonga muhuri tu." Mwenyekiti Pun, gazetini leo. Uongo! Jaji akiona kura haikuwa ya haki, anaweza kuutupa mpango wote. Nimemjibu kwa safu yangu nzima ya gazeti. Zamani ningeandika kwa hasira. Leo mkono uliandika wenyewe, mimi natazama uji ukipoa.

Pun anataka kununua hisa za wengine wote, kampuni ya biskuti ibaki yake peke yake. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hisa za wanahisa wadogo zikikataa, mpango unakufa. Zisipofika, na korti ikiridhia, hata aliyekataa ananyang'anywa zake kwa bei ya Pun. Mama ni mmoja wa hao wadogo — alifunga biskuti kiwandani miaka thelathini, bonasi akapewa hisa.

Nikamwambia bei ni ya wizi.

"Bei, bei! Mwenye hisa ndiye anayeitwa mkutanoni. Zikienda, A-Yuk na wenzangu wa kiwandani nitawaona wapi? Mazishini?"

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano wa kura, hoteli moja mtaa wa Kwun Tong. Mimi sina hisa, nikaachwa koridoni. Akina mama wa kiwandani walikuja wote. Wakajiandikisha, kila mmoja akapewa boksi lake la biskuti, kama kila mwaka. Na kama kila mwaka, wakatoka nalo kuketi nje, chupa za chai, vicheko. Nani amewahi kukaa kusikiliza hotuba za Pun? Mama tu alibaki ndani. Nilikuwa nimemsumbua sana apige hapana.

"A-Man, umenenepa! Kumbe matusi yanalipa?"

"Shangazi Yuk, kura!"

"Wataita."

Hawakuita. Mlinzi alifunga mlango.

Kura za hapana zilipungukiwa kidogo tu kufika sehemu ya kumi. Hisa za koridoni zingetosha. Nilisikia matokeo kama habari za mvua ya nchi nyingine.

Ijumaa, 8 Machi

Wali, samaki. Mama alichambua miiba. Nami pia.

Jumapili, 31 Machi

Nimempigia Shangazi Yuk. Keshokutwa jaji anasikiliza, aje.

"Niende kortini kusema nilikuwa nakula biskuti? Sema wewe, mdomo wote huo!"

Jaji anataka mwenye hisa, nikamwambia.

"Mdomo wote huo, na hata hisa moja huna!" Akacheka, akakata. Wenzake nao vivyo hivyo. Wanaona aibu.

Jumanne, 2 Aprili

Mahakama Kuu. Naandika koridoni — tena korido!

Wakili wa Pun: kila mtu alipewa nafasi yake. Jaji akauliza kama yupo anayepinga. Mama akasimama, mkoba kifuani. "Mheshimiwa, wenzangu walikuwa nje. Mlango ulifungwa, hakuna aliyewaita."

Wakili akauliza, kwa upole kabisa, hao wenzake wako wapi. Jaji akatazama viti vya nyuma. Vitupu.

Ataendelea saa nane na nusu.

Mama amekataa kutoka kula. Ameketi karibu na mlango, mkoba ameweka kwenye kiti cha kulia, mwavuli cha kushoto. Nikamuuliza, viti vya nani?

"A-Yuk hapendi kukaa mbali na mlango."

Nimepiga simu zote. Hazipokelewi. Basi naandika hapa: Shangazi Yuk, Shangazi Siu-ping, ninyi nyote wa meza ya kufungia — aibu itieni mfukoni. Pandeni treni sasa hivi. Njooni mseme mlikuwa nje!