Kadi Kubwa na Ng'ombe wa Shangazi

Jumapili, jioni. Katesh.

Baridi ya leo si ya kawaida. Upepo ulianza asubuhi, mlima umejifunika wingu mpaka chini, nami nimerudi kutoka kijijini Gitting, nimekaa kitandani na sweta mbili. Kompyuta imezimwa na sina hamu ya kuiwasha.

Nimefanya jambo la kijinga. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mtu niliyeweza kumwambia, na yule mmoja niliyetakiwa kumwambia leo, nimemdanganya.

Nianze na kompyuta yenyewe. Ni mashine ya zamani ya ofisini, niliinunua miaka minne iliyopita ikiwa imeshatumika, nilipofungua steshenari yangu hapa mjini, chumba cha mbele, nami nalala cha nyuma. Mchana inachapa barua za kuomba kazi na mitihani ya walimu. Jioni nikishafunga mlango, inakuwa uwanja wa mpira. Mimi na gemu la mpira tumetoka mbali. Sinywi pombe, sina mke bado, acha nicheze.

Tatizo ni kwamba gemu la mwaka huu liliishinda mashine. Linastaki. Mshambuliaji wangu anapiga shuti, picha inaganda, ikija kuzinduka kipa wao ameshaudaka mpira. Aisee, nilikuwa napiga meza mpaka mpangaji mwenzangu anagonga ukuta.

Nikaambiwa dawa ni kadi ya grafiki, hicho kipande kinachopachikwa ndani ya sipiyu ili picha za gemu ziende vizuri. Basi nikaingia kwenye kutafuta. Miezi miwili! Naangalia video za watu wanaopima kadi, nasoma wanavyotukanana kwenye maoni, naandika majina ya kadi nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Wateja wanasubiri kutolewa kopi, mimi natazama feni zinavyozunguka. Mwisho zikabaki kadi mbili. Moja ndogo, iliyotumika, fupi kama kiganja, inayotosheka na umeme wa bodi ya kompyuta, bila waya wa ziada. Nyingine kubwa, mpya, feni mbili, na taa pembeni.

Fundi wa Arusha ninayenunua kwake wino aliniambia wazi kwenye simu: "Kaka, hiyo mashine yako ni ya ofisini, chukua hii ndogo. Gemu lako litacheza, tena vizuri tu."

Mimi nikaona ananidharau. Nikadhani anataka kunitupia mzigo uliomdodea. Kichwa kigumu hiki, loh!

Ile ndogo ningeimudu kwa mapato ya duka, ningevumilia kidogo tu. Ile kubwa ilikuwa mbali nami. Ndipo nikamkumbuka ng'ombe.

Nilipomaliza kidato cha nne, marehemu baba alinipa mtamba. Mimi nilikuwa nakuja mjini, kwa hiyo baba akampeleka kwa dada yake, shangazi yangu wa Gitting, amtunze. Kwetu ni jambo la kawaida. Ng'ombe ni wako, maziwa ni ya anayemlisha. Siku ukimhitaji unakwenda mwenyewe, mnakaa, mnaongea, na kama ana ndama, ndama unamwachia aliyekutunzia. Hakuna karatasi inayoandikwa, inajulikana tu hivyo.

Shangazi ni mjane, watoto wake wako mbali. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa anamjazia nyumba watu. Jirani akijifungua, shangazi anampelekea maziwa. Katekista akipita, anakunywa mtindi. Mimi nikifika, kabla sijamaliza kueleza habari za mjini, kikombe kimeshajaa.

Sikwenda kukaa naye. Nilimwandikia meseji.

Meseji! Kwa mtu aliyenifundisha kukamua. Nikaandika kwamba nina shida ya kifaa cha ofisi, hivyo namhitaji ng'ombe wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kumtazama usoni, maana angeniuliza ni kifaa gani, nami ningesemaje? Shangazi, nataka mpira usigande? Halafu dalali wa mnadani akanishauri kwamba ng'ombe na ndama wakiuzwa pamoja wanalipa zaidi. Nikakubali. Hata ndama sikumwachia.

Akajibu kwa maneno machache: "Sawa mwanangu. Ni ng'ombe wako."

Wakauzwa mnadani, na kadi ikaja na basi. Nikafunga duka mchana, nikafungua sipiyu kwa furaha. Haikuingia. Ilizidi urefu, inagota kwenye chuma cha ndani. Naona haya kuandika, lakini nilikata kile chuma kwa msumeno. Ikaingia kwa kubanana. Nikatafuta waya wa kuipa umeme, hamna. Pawa saplai ya mashine yangu, kile kisehemu kinachogawa umeme ndani, haina waya huo kabisa.

Nikampigia fundi. Akasema pawa saplai kubwa ya kawaida haikai kwenye sipiyu ya aina ile, na bodi yenyewe ina soketi zake za peke yake. "Kaka, hapo tafuta mashine nyingine tu." Hakucheka. Afadhali angenicheka.

Kadi iko kwenye boksi lake juu ya kabati, wiki ya tatu sasa.

Leo baada ya ibada nikachukua bodaboda kwenda kuomba msamaha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikafika, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote, akasema nimekonda, kwani huko mjini sili? Akanipa kiti, akabandika sufuria. Zizi nililiona kwa pembeni, lango wazi, majani yameanza kuota ndani. Nikageuza uso.

Kisha nikamwona anatoka na kikombe. Nikadhani anakwenda kumwaga maji. Akaingia kwa jirani, yule yule aliyekuwa akimpelekea maziwa alipojifungua. Alikaa huko kidogo, akarudi polepole, kikombe amekishika kwa mikono miwili kisimwagike.

Alikwenda kuniombea maziwa ya chai.

Jirani alikuja naye kunisalimia, mtoto mgongoni. Hakuwa na ubaya, alikuwa anapiga stori tu. "Huyu mama tulimwambia aache watu wa mnada wawafuate ng'ombe na ndama hapa, akakataa. Katembea nao mwenyewe mpaka Katesh, eti wasichapwe njiani." Mungu wangu. Siku ile mimi nilikuwa dukani nasubiri dalali aniletee hela. Shangazi alikuwa hapo hapo mjini, akarudi kwao bila kupita kwangu.

"Hayo yameisha," shangazi alimkatiza, akanimiminia chai. Nilikuwa nimeshapiga funda la kwanza aliponiuliza, "Na kile kifaa cha ofisi, kinafanya kazi?"

Maneno yote niliyoyapanga njiani yaliyeyuka. Nikasema, "Kinafanya kazi vizuri sana, shangazi."

Uso wake ukalegea. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Basi namshukuru Mungu. Nilikuwa naogopa usije ukawa umeuza bure."

Nikamaliza kikombe chote, nikaaga.

Kadi nitaiuza, lakini haitarudisha hata nusu ya ng'ombe, na hilo nimeshalimeza. Kinachonitafuna ni kwamba shangazi anamshukuru Mungu kwa ajili ya boksi lililolala juu ya kabati langu. Nikimwambia ukweli, ninamnyang'anya hata hiyo faraja ndogo. Nikinyamaza, kila nikienda atatoka na kikombe kwenda kuomba, nami nitakaa pale kwenye kiti ninywe. Hivi mimi ni mtu wa namna gani?

Kwa simu siwezi kumwambia. Kwa simu ndiko nilikoanza kuharibu.

Kesho duka litachelewa kufunguliwa. Nitapanda Gitting asubuhi, na safari hii nitasema kabla hajachukua kikombe.