Ufunguo Pindoni

Mdogo wangu kipenzi,

Cherehani yangu imepona, na mama anakusalimu. Shemeji sijamwekea salamu.

Nimejiunga na mafunzo ya kujilinda, usicheke! Mwalimu huvaa kofia ngumu na kujifanya mkorofi wa kwenye ngazi. Siku ya kwanza nilimpiga kiwiko, kisha nikamwambia, "Pole, kaka, umeumia?" Darasa zima likavunjika mbavu.

Jana alinikamata kifundo cha mkono, palepale ulipopaficha wewe kwa mikono mirefu siku ile ya joto kali. Nikapiga kelele, "Mwache mdogo wangu!" Hakuna aliyecheka.

Hapo ulipoikuta barua hii, endelea kufumua pindo la gauni. Umo ufunguo wa mlango wangu. Ukija usipige hodi; hodi ni ya wageni.

Dada yako, fundi wa magauni yako