Kwa Mzee Yoramu Mwalongo wa Mdandu, Aliyeliokoa Jicho Lake la Kushoto

Mwaka umetimia, Baba Hilari, tangu asubuhi ile ya baridi ya Julai 1957 ulipotuaga. Kichomi kilikuchukua kwa siku nne tu, wewe ambaye homa haikuwahi kukulaza. Wanao wamesema niandike mimi mkeo, Beatrisi, kwa kuwa ndimi niliyezoea kukusema. Haya, nakusema tena, na watu wasikie.

Ulikuwa mpasua mbao. Mabenchi tunayokalia kila Jumapili yalipita kwenye msumeno wako. Wewe ulisimama juu ya gogo ukiongoza, kaka yangu Anania akiwa chini shimoni anavuta, na msumeno ukifuata mstari wa mkaa. Kila gogo ulianza kwa kuliamkia, "Kamwene," na Anania ndiye aliyeliitikia kutoka shimoni. Wageni walidhani mmerukwa na akili.

Mbao za jeneza hukumwuzia mtu, ulizitoa bure. Ulisema mfiwa ana mzigo wa kumtosha. Kanisani uliimba sauti ya nne kwa nguvu kuliko kwaya nzima, na hukuipata hata siku moja. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukunyamazisha.

Pombe hukunywa. Mzee wa kanisa angelewaje? Ulanzi uliochacha, ule mkangafu unaolaza watu njiani, hukuugusa. Ila mtogwa, yaani ulanzi mbichi, mtamu, uliotoka kwenye mwanzi asubuhi ile ile, huo uliuita maziwa ya mianzi. Mvua zikianza, ulimaliza kibuyu kimoja kabla ya kazi na kingine mchana. Niliugema mimi mwenyewe. Nilikuwa na mume asiyelewa, jamani, ningelalamika nini?

Kisha ikaja kiu isiyoisha, na kwenda nje kila mara. Tukasema ni baridi ya Njombe. Miaka ikapita hivyo. Mwaka 1951 mbao zikaanza kupinda. Anania alikuambia msumeno unauacha mstari. Ukalaumu mkaa, ukalaumu uzi wa kupigia mstari, ukamlaumu Anania. Miezi minne ulificha kwamba jicho la kulia lilikuwa linaona madoa meusi, kama masizi yanayoelea. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe uliumbuliwa na mlango wa mchungaji, uliotengenezwa kwa mbao zako, ukakataa kufungika.

Ndipo nilipokukokota hadi hospitali ya Ilembula. Walichemsha mkojo wako na dawa ya buluu ndani ya kichupa. Dawa ikibaki buluu, ni heri. Yako iligeuka rangi ya tofali. Daktari akakuchungulia macho kwa taa ndogo, na msaidizi wake, dresa Efraimu, akatueleza. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekaa mwilini miaka mingi bila kujulikana, na vimishipa vya jicho la kulia vilikuwa vinavuja. Hilo halingerudi kuwa zima. La kushoto lilikuwa limeguswa kidogo. Yaliyokuwa yanalihatarisha ni miaka hiyo, sukari inayokaa juu, na presha ya damu. Miaka haifutiki, akasema. Sukari na presha mnaweza kuzishusha. Tukarudi nyumbani tukijua kwamba limebaki jicho moja.

Ukajitahidi, nashuhudia. Chumvi ukapunguza, ugali ukapimiwa, chai ukanywa bila sukari, ukanuna. Kiangazi dawa ikabaki buluu, tukamshukuru Mungu. Mvua ziliporudi, ikawa tofali tena. Daktari hakuelewa. Alikuwa amekuuliza kama unakunywa pombe, ukajibu kwa kifua mbele kwamba hujawahi, na ilikuwa kweli. Na mtu gani wa kwetu angemhoji mzee wa kanisa habari za ulanzi? Ni utovu wa adabu.

Mara ya tatu Efraimu aliacha kukuuliza wewe. Akanigeukia mimi.

"Mama, mzee anakunywa nini asubuhi?"

"Mtogwa," nikasema. "Hanywi pombe huyu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, mtogwa ni sukari tupu. Mnalimaliza jicho lililobaki."

Nililia njia nzima ya kurudi. Mikono hii iliyougema, mikono iliyokuletea kibuyu kitandani ukiwa umechoka, ndiyo iliyokuwa inakupofusha. Ukanisimamisha kwenye kivuko cha mto, ukanipangusa uso kwa shati lako lenye unga wa mbao.

"Usilie, Mama Hilari. Wewe uligema kwa upendo, mimi nikanywa kwa ulafi."

Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Nilikupenda sana siku ile, na sikukuambia, kwa hiyo nakuambia sasa.

Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya usharika. Ulisema hujalewa tangu ubatizwe, lakini umekunywa hadi jicho likafa, na kwamba kila anayeona kiu isiyokatika aende Ilembula kabla ubao haujamwumbua. Wazee wa benchi la mbele, wanywaji wenzako wa mtogwa, walitazama viatu vyao. Juma lile lile wanne kati yao waliomba tuwaonyeshe njia ya hospitali, na mmoja akakutwa na ugonjwa huo huo.

Kazini mkabadilishana nafasi. Anania akapanda juu ya gogo kuongoza, wewe fundi mkubwa ukashuka shimoni na kofia pana, ukala unga wa mbao uliomlisha shemeji yako miaka kumi na miwili. Anania alifurahi kupita kiasi. Hadi leo akisimulia hujishika tumbo.

Na jicho la kushoto lilikaa. Miaka mitano, Baba Hilari! Lilimwona Lucia akifunga ndoa. Lilimwona mjukuu wetu Lameki akizaliwa, ukatangaza kwamba ana pua yangu, maskini mtoto. Jumapili yako ya mwisho ulisoma somo mwenyewe, kitabu ukikisogeza upande, bila kuruka neno.

Ila mimi na watoto ulituchosha. Kila Krismasi, kabla ya chakula, ulirudia maneno ya Efraimu kwamba ugonjwa huu hupita katika damu, kwamba mwenye kiu asingoje. Hilari alikuwa akimaliza sentensi zako kwa kukuigiza, nasi tukicheka. Ulicheka pia, kisha ukaanza tena tangu mwanzo.

Sasa sikia. Machi hii Hilari, huko Makambako anakofanya kazi ghalani, aliona kiu. Hakusema ni jua, wala vumbi la ghala. Siku ya tatu alipanda lori, akaja kunichukua, tukaenda Ilembula. Ile dawa iligeuka rangi, nikatoka kukaa barazani. Daktari akawasha taa yake ndogo, akamchungulia jicho la kulia, kisha la kushoto. Efraimu, ambaye sasa ana mvi, akatoka barazani nilipokaa.

"Mama Hilari," akasema, "macho yote mawili ni safi. Huyu amewahi."

Nilipiga vigelegele pale pale barazani, mjane wa miezi minane, wagonjwa wananishangaa. Mwanao anaona, Baba Hilari. Anaona kwa sababu hukunyamaza.

Unakumbukwa na mimi mkeo Beatrisi. Wanao Hilari na Lucia. Shemeji yako Anania. Mjukuu wako Lameki. Na usharika wote wa Mdandu, ambao sasa una sauti ya nne nzuri zaidi lakini hauifurahii. Siku zetu zote tutakukumbuka.