Picha Sita za Kinamasini

Granmyra,
Jämtland.
18 Septemba 2019

Mpendwa Kaka Eskil,

Shikamoo kaka. Hujambo wewe, na wifi Marama je, na watoto? Goti lako limekubali kupanda ngazi, au bado unamsingizia daktari? Huku sisi wazima. Naanza na Baba, kwa sababu najua umbea huvuka bahari upesi kuliko barua: Baba ni mzima, anakula na anagomba kama kawaida. Mengine uliyoyasikia yaweke kando mpaka umalize kusoma haya.

Jumapili ulinipigia simu mara mbili nami sikupokea. Niwie radhi. Sikuwa na shughuli yoyote, niliogopa tu kwamba ungeisikia sauti yangu ukaanza kuniuliza maswali.

Viazi tumeshachimba. Mwaka huu ni vidogo, vya kulia na siagi tu. Majani yamegeuka mapema. Kinamasi kilicho nyuma ya kwa jirani yetu Sixten kimekuwa chekundu chote, ile miti ya magome meupe imekuwa ya njano, na asubuhi ukungu hulala pale hadi saa tatu. Unajua huu ni msimu wa kumi na moja naitafuta picha moja: elki dume, yule mnyama wetu mkubwa kuliko farasi, na pembe zake zote, akitoka msituni na kuingia katika ukungu ule. Hadi mwaka jana nilikuwa nimempiga picha za mgongo, mkia na nyayo. Baba hunitania kwamba nina albamu nzima ya matako.

Safari hii Majvor, ambaye sasa ndiye kiongozi wa wawindaji hapa kijijini, alinikubalia nikae lindoni siku ya Jumamosi, nikiwa na kamera badala ya bunduki. Masharti yalikuwa yale yale ya kila mtu: kofia ya rangi ya machungwa kichwani, redio ya upepo kifuani, na marufuku kunyanyuka mpaka yeye mwenyewe atangaze kwamba msako umekwisha. Mwenye bunduki hupiga akiamini kwamba kila mtu yuko pale alipowekwa. Kwa hilo Majvor hana mzaha hata na mama yake.

Mimi niliwekwa kilimani, juu ya kinamasi. Baba alipewa lindo la mkono wa kulia, nyuma ya lile jabali, ambako risasi haifiki. Sixten alikuwa chini yangu kushoto, akiangalia ng'ambo ya kinamasi, ambako hakukutakiwa kuwa na mtu yeyote.

Mbwa walianza kubweka saa mbili kasorobo. Baada ya muda nikasikia baragumu mbali, upande wa pili wa ziwa. Wawindaji wa Lövsjö bado hupuliza baragumu kumaliza msako wao, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Sikulijali. Kumbe Baba naye alilisikia, akadhani limetuita sisi.

Elki akatoka. Kaka, sijui nikuelezeje. Alisimama kwenye ukungu hadi magotini, pembe pana, pumzi zikimtoka puani, na jua likampata ubavuni. Nikamweka sawa kwenye lenzi. Hapo ndipo nilipomwona Baba nyuma yake, kati ya mashina meupe, kichwa wazi, na koti lake la kijivu, kikombe mkononi, akijiendea taratibu kuelekea kwenye moto wa kahawa, pale tunapokutania msako ukiisha. Chini kushoto mtutu wa Sixten ulikuwa unapanda. Kule alikokuwa, ukungu ulimfichia kila kitu isipokuwa mnyama.

Nilisimama nikapiga kelele kwa mdomo na kwa redio kwa pamoja. "Sixten, usipige. Baba yuko nyuma yake."

Elki akageuka, akapotea. Sixten aliteremsha bunduki, lakini vidole vikamkataa, ikabidi Majvor aje kumtolea risasi. Baba alikuja akiwa amefura, akataka kujua ni nani huyo anayepiga mayowe msituni na kutufukuzia nyama. Majvor akamuuliza:

"Mzee Algot, kofia yako iko wapi?"

"Mfukoni. Msako si umekwisha? Nimesikia baragumu."

"Baragumu tuliliacha miaka tisa iliyopita, mzee wangu."

Baba akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Tisa?" akauliza, akakaa juu ya gogo. Jioni ile ile alimpelekea Majvor bunduki yake bila kuombwa. Alienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, akakataa nimsindikize.

Tangu siku ile kijiji kizima kinanisifu. Dukani hawaniachi nipange foleni. Sixten alikuja Jumapili na chupa mbili za jamu, akanishika mkono akasema, "Binti yangu, mimi ndiye uliyeniokoa zaidi. Algot angekufa mara moja, mimi ningekufa kila siku." Mzee wa watu alilia mbele yangu. Nikamwambia asijali, nikaichukua jamu yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Sasa nakwambia wewe, kwa sababu sina mwingine. Kamera yangu huandika saa ya kila picha. Nilipiga sita. Katika ya kwanza Baba anaonekana waziwazi, na mtutu wa Sixten uko pembeni, umeshaanza kuinuka. Nilimwona, kaka. Nilijua ni Baba na nilijua ni hatari. Nikajiambia moja tu, kisha nikajiambia moja tu tena. Kutoka ya kwanza mpaka ya sita ni sekunde nne. Nilipiga kelele baada ya ya sita.

Risasi haihitaji sekunde nne. Ningekuwa nakuandikia barua nyingine leo, na picha hizo ningekuwa nazo.

Jana mchana Baba alitaka azione. Nilifikiria kumwambia nimezifuta, lakini sijawahi kumdanganya yule mzee nikafaulu. Alivaa miwani, akaketi mezani pa jikoni, akazipitisha moja moja kwa kidole gumba huku midomo ikihesabu sekunde zilizoandikwa. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akahesabu upya. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jiko nimempa mgongo.

"Ya sita ndiyo nzuri," akasema. "Mchapishie Eskil." Kisha akaomba kahawa.

Nimeichapisha, nayo imo ndani ya bahasha hii. Asubuhi hii nilimpa aiangalie kabla sijaifunga, akaomba kalamu, akaandika nyuma yake na kunirudishia bila kunitazama. Utaisoma mwenyewe, lakini nanukuu, maana mwandiko wake siku hizi unatetemeka: "Usimgombeze mdogo wako. Mimi ningengoja ya saba."

Nimelia mpaka nimeishiwa. Sijui kama amenisamehe au ananijua tu kuliko ninavyojijua. Wewe niambie.

Nisalimie wifi Marama, na Tane, na mdogo wake Ingalill, mwambie jina la bibi yake linamfaa. Majvor anakusalimu, Sixten pia. Mungu awatunze huko mliko, awazuilie baya lisiwafikie, na atukutanishe Baba angali anatutambua sote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gunhild