Chumvi ya Figili za Mama

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu zote, za wazima na za mwenye mafua. Mwenye mafua ni kaka yako, na unamjua, akipiga chafya moja anataka nyumba nzima ikae kimya. Sisi wengine hatujambo. Je, goti lako limepata nafuu? Watoto wanakula?

Barua yako imefika. Umesema utakuja kumchukua Mama akakae kwako, maana umesikia hapa halishwi vizuri. Sikufichi, nilikasirika mpaka nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Sasa nimetulia, na nataka uyajue mambo kabla hujafunga safari.

Unaikumbuka sheria ya Mama jikoni: menya, katakata, kaanga utakavyo, lakini chumvi anatia yeye tu. Tangu niolewe hapa sijakigusa kile kikopo. Mwezi uliopita nilimletea figili kutoka sokoni, zile ndogo nyekundu. Akazikata nyembamba, akazinyunyizia chumvi ili zitoe maji, azikamue, azipitishe kidogo kwenye mafuta ya moto yenye kitunguu saumu, kisha azikamulie ndimu. Ni kitu chepesi tu cha kulia wali.

Basi akatoka kuanua nguo, aliporudi akatia chumvi tena. Nikaendelea kuchagua mchele, nani amfundishe Mama chumvi? Akaenda kufungua mlango, akarudi, akatia tena. Mezani kaka yako alitafuna macho yakimtoka, akasema figili ni tamu mno. Mimi nilimezea maji. Mgeni wetu, yule fundi cherehani jirani, aliuliza kama tumezichuma baharini. Najua ndiye aliyekuletea habari, mdomo wake hauna kifungo.

Tangu siku hiyo nasimama na Mama jikoni. Akishatia chumvi mara moja, naficha kikopo nyuma ya mchele. Akikitafuta, namwonjesha na kumwambia ameshatia. Siku nyingine anakubali, siku nyingine ananiambia sikuja kwake kumtawala. Sijali, vyombo vya kabati moja havikosi kugongana.

Sasa lile zito, wifi. Mama anasahau, wala si chumvi tu. Juzi alimwita kaka yako kwa jina la marehemu baba yenu. Daktari amesema hali hiyo haitarudi nyuma, na kumtoa kwenye nyumba aliyoizoea kutamchanganya zaidi. Tulikuficha kwa sababu kaka yako hawezi kulisema jambo hili bila kulia. Mimi naogopa ukimchukua, siku moja ataamka asijue yuko kwa nani.

Jana tulikuwa tunakamua figili, akaniita kwa jina lako. Sikumsahihisha. Akaninong'oneza kwamba nisithubutu kumwambia mke wa kaka yangu, yaani mimi mwenyewe, asije akavimba kichwa, lakini yule naye ni binti yake, na siku mkono wake yeye Mama ukishindwa, kikopo cha chumvi apewe yeye.

Nimelia sana, wifi. Njoo, nakuomba, ila njoo ukae nasi, usije kumchukua. Maneno yale alikuwa anakwambia wewe, ndiyo maana nimekuletea.

Mpe mumeo salamu, wabusu watoto. Kaka yako anakusalimu kwa chafya mbili.

Ni mimi wifi yako,
Mama Maneno