Kwaya Iliyoimba Juu ya Duara

Mwakitolyo, machimboni,
kupitia Shinyanga.
11 Februari 2024

Mpendwa kaka Athanas,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Masasi, wewe, wifi Apolonia na Hosiana wetu. Kifua chako kinaendeleaje? Mwaka jana ulisema vumbi la ghala la korosho linakukosesha pumzi, na najua hukwenda hospitali kwa sababu nakujua ulivyo. Nenda. Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo na miguu imeacha kuvimba. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu, lakini hakuna anayeutazama.

Nimekupigia mpaka nimechoka, simu inaita tu hupokei. Hasira unayo haki nayo. Ila umemtumia ujumbe Maige ukaniruka mimi ndugu yako wa tumbo moja, na hilo limenikalisha chini niandike kwa mkono kama enzi za shule. Wiliam wa lori anashuka kusini wiki hii, nitampa akuletee mwenyewe.

Maige, ambaye alikuwa msimamizi wa duara, shimo la dhahabu alimochimba mdogo wetu Mayala, ananiambia umeapa kuja siku ya kuanua matanga. Utasimama mbele ya kanisa, umtake aliyeanzisha wimbo ajitokeze, umwambie machoni pa watu kwamba amemuua Mayala. Kisha umchukue mama, asikanyage tena kwetu. Kaka, uliyoyasikia ni ya vijiweni. Nisome mpaka mwisho kabla hujakata tiketi.

Kanisa letu hujaliona, uliondoka kabla halijaanza. Ni turubai, nguzo za miti na mabenchi ya mabanzi. Jumapili wachimbaji wanakuja na vumbi jeupe bado masikioni, wanakuja wauza maandazi na akina mama wanaoponda mawe, Wahaya, Wakurya, Wafipa, kila mtu na lafudhi yake. Kwaya ikianza huwezi kujua kwamba huyu na yule jana walishikana mashati kwa ajili ya kiroba cha mawe. Mimi sijawahi kuwa na furaha mahali pengine kama niliyokuwa nayo pale, na sitakuficha hilo kwa sababu umekasirika.

Mayala alikuwa sauti ya nne. Ukifika mnada wa sadaka alikuwa akinunua kuku, kisha anamrudisha mbele anadiwe tena, mara mbili tatu, mpaka mchungaji akasema kuku yule amechoka, apelekwe nyumbani akapumzike. Hata Nasibu, Mwislamu wa Kondoa aliyekuwa mwenzake wa kazi, alikuwa akija kusimama nje ya turubai kwa ajili ya kucheka tu. Ninayaandika haya ujue ndugu yako aliishije huku, maana ulikuwa ukisikia dhahabu tu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi mchana, tuko kwenye mazoezi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na Maige alikuwa amekataza mtu yeyote kushuka. Mayala na Nasibu walishuka hata hivyo, kuinasua pampu isije ikazama. Duara likakatika juu yao.

Machimbo yote yalisimama, kama ilivyo desturi ya huku. Kila mwenye sururu akaja. Sisi wa kwaya tulikimbia kama tulivyo, tukasimama kando ya shimo tukaimba taratibu, kwa sababu hatukujua la kufanya na mikono yetu. Maige akaomba kimya. Tukanyamaza. Akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye bomba la chuma la pampu, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akainua mkono, akasema, "Yupo mtu. Anagonga."

Kaka, hukuwepo, huwezi kujua neno lile lilitufanya nini. Wimbo ulipanda. Ule wimbo wetu wa mavuno aliotunga mwalimu Kalisti, wa shukrani, ambao mtu akiuanzisha hakuna anayebaki amekaa. Vigelegele, watu wanakumbatiana kwenye matope, wachimbaji wametupa sururu wanaruka, hata wasio wa kanisa. Nilikuwa nalia na kucheka. Tulishukuru kabla hatujapewa. Maige alikuwa akipunga mikono na kupiga kelele, na nilimwona, nikadhani naye anashangilia. Alikuwa anasema, "Nyamazeni, nasikiliza ni upande gani."

Tuliponyamaza, bomba lilikuwa limenyamaza pia. Wakakisia. Wakaanzia upande wa mashariki, wakapoteza mchana wote kwenye mwamba. Jioni wakageukia upande wa pili, wakamtoa Nasibu akiwa hai, mkono umevunjika. Mayala alikuwa chini yake kidogo, gogo limembana paja, na maji yalikuwa yamempita.

Unataka aliyeanzisha wimbo. Ni mama.

Usiiweke barua chini. Alikuwa amepiga magoti pale kwenye udongo, Maige alipotamka lile neno mama alifungua mdomo, na sisi tukamfuata. Hakupanga. Mwanawe alikuwa hai.

Na katika hili uniamini, maana nimelisikia kwa masikio yangu. Baada ya mazishi kwaya ilikutana bila mama. Wakakubaliana kwamba yeyote atakayekuja kuuliza, awe polisi, awe mwandishi, awe wewe, wote watasema wameanzisha wao. Ukisimama siku hiyo ukamtaka mtu ajitokeze, kaka, itasimama kwaya nzima, na mchungaji pamoja nao. Na mama atakuwa ameketi katikati yao anakutazama. Mimi nitakuwa nimesimama pia.

Tangu siku ile hatujaimba. Tunasali, tunasoma neno, tunaagana. Wanakuja nyumbani kwa zamu kumpikia mama na kukaa naye. Mmoja analeta maji, mwingine analeta kuni, na hakuna aliyewatuma. Ukimtoa mama hapo umpeleke Masasi kwenye chumba chenye feni, utakuwa umemzika na yeye.

La mwisho ni zito kuliko hayo, na halijui mtu ila mimi na Nasibu. Nilikwenda kumwona na mkono wake wenye plasta. Akaniambia bomba lilikuwa upande wa Mayala, yeye hakulifikia, Mayala ndiye aliyekuwa akigonga kwa nyundo. Tulipoanza kuimba waliisikia sauti kwa mbali. Nasibu akamhimiza, gonga, gonga, watapotea. Mayala akamwambia, "Ngoja kwanza, huyo ni mama." Akaimba sauti yake ya nne, mle gizani, maji yakiwa kifuani, wimbo wote. Nasibu anasema alikuwa na furaha kama mtu aliyekwisha kutoka. Alipotaka kugonga tena, nyundo ilikuwa imezama na mkono hauinuki.

Nimemsihi Nasibu asimwambie mama. Amekubali, ila anasema ni mzigo.

Njoo, kaka, lakini njoo kama mtoto. Wasalimie wifi Apolonia, na umbusu Hosiana. Shangazi Martina wa Runzewe anakusalimu, Maige pia, na anaomba usimchukie. Mungu akuvushe salama barabara zote hizo, akifungue kifua chako na moyo wako.

Nilitaka kuishia hapo, ila nikuambie kwa nini nakuhitaji. Kila jioni mama ananiita kwa upole, "Mayu, mwanangu, unadhani alinisikia?" Haulizi kingine. Nikisema hapana, nimemnyima kitu pekee alichobakiza. Nikisema ndiyo, atauliza mbona basi aliacha kugonga, na mama si mjinga, atajijibu. Kwa hiyo namwambia sijui, mama, naye anaitikia haya, na kesho yake ananiuliza tena.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Vumilia